Mungu Amejijulisha Kwetu

Mazungumzo ya redio kutoka Mackinnon Road

Masomo: Matendo ya Mitume 14:8-18, Waebrania 1:1-4

  

Mahali petu hapa Mackinnon Road panajulikana na kila mtu aliyewahi kusafiri baina ya Mombasa na Nairobi. Ukitoka Mombasa utapita Mariakani, Samburu na Taru, ndipo utufikie sisi, kabla hujafika Maungu na Voi. Jina la mji wetu latokana na Sir William Mackinnon, tajiri wa Kiskoti aliyekuwa mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni yake ndiyo iliyoanza kukata barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani kwenda bara. Mwenyewe alikufa mwaka 1893. Jina lake twalitaja kila siku. Makondakta hulipaza, watoto huliandika katika madaftari yao. Lakini mwulize mtu sokoni: Je, wamjua Mackinnon? Alikuwa mtu wa namna gani? Alipenda nini, alichukia nini? Hatakujibu. Jina tunalo, bali mwenye jina hatumjui.

Sasa tujiulize. Je, si hivyo hivyo wengi wetu tulivyo na Mungu? Jina lake tunalo midomoni. Twaapa kwalo, twashukuru kwalo, twaagana kwalo. Lakini mtu akituuliza, "Huyo Mungu ni wa namna gani? Ana nia gani juu yako wewe na watoto wako?" huenda tukanyamaza. Basi leo, kwa msaada wa Roho Mtakatifu, twataka kuzungumza habari hii moja: Mungu hujulikanaje? Na jibu letu kwa ufupi ni hili: Mungu hujulikana kwa sababu yeye mwenyewe amependa kujijulisha.

Kwanza, Mungu hujijulisha kwa kazi za mikono yake.

Katika somo letu la Matendo, Mtume Paulo na Barnaba walikuwa Listra. Watu wa huko hawakuwa Wayahudi, wala hawakuwa na Torati wala Manabii. Walikuwa watu wa mashamba na mifugo kama sisi. Paulo alipomponya kiwete, watu wakaleta ng'ombe wawatolee dhabihu, wakidhani kwamba miungu imeshuka. Paulo akawazuia kwa nguvu. Kisha akawaambia kwamba Mungu aliye hai hakukosa shahidi kati yao, hata zamani zile walipokuwa hawajasikia Injili. Shahidi huyo ni nani? Ni mvua itokayo juu, na majira ya mavuno, na chakula, na furaha ya moyo.

Hayo twayafahamu sana katika nyika hii. Wazee wetu Waduruma, na ndugu zao Wadigo na Wagiriama, walimtaja Mulungu kabla mmishonari hajakanyaga pwani. Wataita humtaja Mlungu. Wakamba, ambao wengi ni jirani zetu hapa, husema Mulungu au Ngai. Hakuna aliyewafundisha kwa kitabu. Waliitazama mbingu, wakaona mvua ikishuka juu ya nchi kavu, wakatambua kwamba yuko aliye juu, nao wakamwomba.

Hata leo moyo wa mwanadamu wamtafuta Mungu. Hapa mjini kwetu, kando ya reli, pana msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, ambaye husimuliwa kuwa alikuwa msimamizi wa kazi wakati reli ilipojengwa. Wasafiri wengi, Waislamu na wasio Waislamu, husimama pale wakaomba na kutoa sadaka kabla ya kuendelea na safari. Hatuwataji jirani zetu kwa kuwadharau. Twataka kuonyesha tu kwamba mtu aliye katika njia ya hatari anajua moyoni mwake kwamba uhai wake haumo mikononi mwake. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi, katika sura ya kwanza, kwamba uweza wa Mungu na Uungu wake huonekana katika vitu alivyoviumba.

Basi viumbe vyasema kweli. Vyasema kwamba Mungu yuko, kwamba ni mkuu, na kwamba sisi ni wake. Lakini, ndugu msikilizaji, kuna swali moja ambalo viumbe haviwezi kulijibu. Nalo ni hili: Je, Mungu huyu anatupenda?

Kama mvua ni shahidi wake, je, ukame ni shahidi wa nini? Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipungua au kukosa kabisa, mmoja baada ya mwingine, katika sehemu kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Wasikilizaji wa Kinango na Taru hawahitaji kuelezwa. Malambo yalikauka yakabaki udongo uliopasuka. Ng'ombe walianguka, wakaburutwa kando ya njia. Akina mama walitoka alfajiri na madumu, wakarudi jua li utosini. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua ikaja, tena ikaja kwa kupita kiasi, ikabomoa njia na kuchukua nyumba katika sehemu nyingi za nchi. Watu wale wale waliokuwa wakiomba mvua wakaomba ikome.

Mtu akisoma moyo wa Mungu kwa kutazama mawingu tu, mwaka huu atasema Mungu ni mwema, mwaka ujao atasema amekasirika, na mwaka wa tatu atasema hayupo. Na mara nyingi hasemi hivyo tu. Humtafuta wa kumlaumu. Katika kaunti za Kwale na Kilifi wazee wetu wamekwisha kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Mvua imekataa, au mtoto amekufa, basi kijana anamtazama babu yake mwenye mvi na kusema, "Ndiye huyu." Tazameni, wapendwa, mahali mtu anapofika asipomjua Mungu ila kwa ishara za baraka na msiba! Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza vivyo hivyo walipomwona kipofu, Yohana sura ya 9. Walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata akazaliwa hivyo. Bwana Yesu alikataa kumlaumu kipofu, wala hakuwalaumu wazazi wake. Akamfungua macho.

Kwa hiyo twahitaji zaidi ya mvua. Twahitaji Mungu mwenyewe aseme.

Jambo la pili, Mungu amejijulisha katika Mwanawe, Yesu Kristo.

Tuchukue mfano kutoka katika habari za nyika yetu hii. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann, Mjerumani aliyekaa Rabai pamoja na mwenzake Johann Ludwig Krapf, alisafiri kutoka Rabai kwenda Uchagani. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri. Siku hizo hapakuwa na reli wala barabara, na nyika ilikuwa ya miiba na kiu. Tarehe 11 Mei aliona mbele yake mlima mrefu, na juu yake kitu cheupe, akadhani ni wingu. Alipomwuliza aliyekuwa akimwongoza, alijibiwa neno moja tu: baridi. Rebmann, kwa kuwa alizaliwa katika nchi ya theluji, akatambua kwamba ile ilikuwa theluji. Ulikuwa mlima Kilimanjaro. Siku ile aliketi chini ya mti akasoma Zaburi ya 111, maana ndiyo aliyokuwa ameifikia katika usomaji wake. Akaguswa sana na mstari wa sita, ambao hunena habari za Mungu kuwaonyesha watu wake nguvu za kazi zake.

Habari hizi zilipofika Ulaya, wako wataalamu waliozikataa. Mmoja wao, William Desborough Cooley wa London, aliandika kuzipinga, naye hakuwa amefika Afrika kabisa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Walikuwa na vitabu vyao na ramani zao, na kwa vitabu hivyo waliamua kile ambacho mlima ule hauwezi kuwa nacho. Ila mlima haukuwauliza wao. Ulikuwa umesimama pale pale na weupe wake. Mwaka 1861 na 1862 msafiri mwingine, Baron von der Decken, alikwenda akaupanda kiasi, na maneno ya Rebmann yakathibitika.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba kuna mambo ambayo hayajulikani kwa kuyafikiria ukiwa umeketi chumbani. Hujulikana yanapoonekana. Mtu aweza kukaa na kuwaza: "Mungu lazima awe hivi, hawezi kuwa vile. Mungu mkuu hawezi kuzaliwa. Mungu mwenye enzi hawezi kuteswa." Lakini yatupasa tuulize: je, Mungu mwenyewe amejionyesha kuwa nani? Mwandishi wa Waebrania atuambia kwamba zamani Mungu alisema na baba zetu kwa manabii, kidogo kidogo na kwa njia nyingi, lakini mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana. Naye Mwana ni mng'ao wa utukufu wake na chapa halisi ya nafsi yake.

Mfano wa mlima una mwisho wake, na mwisho huo ndio Injili. Mlima hukaa mahali pake. Rebmann ilimpasa kutembea siku nyingi, juani, kati ya simba na miiba, ndipo auone. Asiyekuwa na nguvu za kutembea hangeuona. Lakini Mungu hakukaa mbali akingoja wenye nguvu wamfikie. Alikuja yeye. Yohana asema katika sura ya kwanza kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, na kwamba Mungu, ambaye hakuna mtu aliyemwona wakati wo wote, amefunuliwa na Mwana wake wa pekee. Filipo alipomwomba Bwana awaonyeshe Baba, Bwana alimjibu kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Soma Yohana 14.

Basi tumtazame Yesu ili tujue Mungu ni wa namna gani. Tunamwona nani? Tunamwona mmoja anayemgusa mwenye ukoma, ambaye watu wote walimkimbia. Tunamwona akilia penye kaburi la rafiki yake. Tunamwona akiwalisha wenye njaa kwanza, kabla ya kuwaaga, asije mmoja akazimia njiani. Na ninyi akina mama mnaochota maji mbali, sikilizeni hili: tunamwona ameketi kando ya kisima wakati wa adhuhuri, amechoka, akimwomba mwanamke mgeni maji ya kunywa. Tena tunamwona juu ya msalaba, karibu na kufa, akisema kwamba ana kiu.

Fikirini neno hili, wapendwa. Yeye ambaye kwa yeye vitu vyote vilifanyika, yeye aliyeumba mito na mawingu, alikauka koo. Mtu wa mjini mwenye bomba ndani ya nyumba aweza kulisoma neno hili akapita. Mtu wa Taru hawezi kupita. Aijua kiu ni nini. Kwa hiyo, wakati malambo yamekauka na mtoto analia, usiitazame mbingu iliyo kama shaba ukasema, "Huo ndio uso wa Mungu." Utazame msalaba. Uso wa Mungu uko pale. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mungu wetu hakutufaa kwa dhiki kwa kututumia salamu tu. Aliingia ndani ya dhiki yenyewe, akachukua dhambi zetu, akafa kifo chetu, na siku ya tatu akafufuka.

Hatusemi kwamba sasa tunajua sababu ya kila ukame. La, hatujui. Nabii Habakuki naye hakujua. Lakini katika sura yake ya tatu asema kwamba hata mtini usipochanua, na mashamba yasipotoa chakula, na zizi likawa halina kundi, yeye atamfurahia Bwana. Mtu hawezi kusema maneno hayo kwa kutazama zizi tupu. Aweza kuyasema ikiwa tu anamjua Mungu kwa njia nyingine, na sisi tumepewa njia hiyo kwa wazi kuliko Habakuki. Tena kumjua Mungu hivi hakutufanyi tukae bure. Anayemjua Mungu wa msalaba atachimba lambo pamoja na jirani zake, atagawana debe la mahindi, naye atasimama mlangoni pa mzee anayeshukiwa aseme, "Huyu hamtamgusa."

Jambo la tatu, Mungu hujijulisha kwa Neno lake lililoandikwa, na kwa Neno hilo kila sauti nyingine lazima ipimwe.

Hapa tunasema jambo zito, nasi twalisema kwa machozi. Mwezi wa Aprili 2023 nchi yetu ilisikia habari za msitu wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi. Waumini walikuwa wameambiwa kwamba wakifunga mpaka wafe watakutana na Yesu. Makaburi yalipofukuliwa ilitolewa miili zaidi ya 400, nayo miongoni mwake ni miili ya watoto. Kuwahukumu watu ni kazi ya mahakama, sisi hatuiingilii. Lakini kulipima fundisho ni kazi ya Kanisa, nayo hatuna ruhusa ya kuiacha.

Wengi waliuliza, "Watu wale walipotoshwaje? Walikuwa wakimpenda Mungu, walikuwa wakiomba." Ndiyo. Hata kupenda na kuomba havitoshi ikiwa mtu mmoja amesimama baina yako na Neno la Mungu, akasema, "Nimefunuliwa mimi, wewe sikiliza tu." Pale ambapo ufunuo ni mali ya mtu mmoja, na hakuna awezaye kumwuliza, pana hatari ya mauti.

Tupime basi. Je, Mungu aliyejijulisha katika Yesu Kristo huwaambia wazazi wawanyime watoto chakula? Fungua Marko sura ya 5. Yairo alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, akafa. Yesu aliingia nyumbani, akamshika mkono, akamfufua. Watu walishangaa mno. Na neno la mwisho ambalo Bwana alisema ndani ya nyumba ile lilikuwa nini? Aliamuru mtoto apewe chakula. Mwenye kushinda mauti alikumbuka kwamba mtoto ana njaa! Huyo ndiye Yesu. Sauti nyingine yo yote inayomnyima mtoto chakula kwa jina lake si sauti yake, hata ikisemwa kwa machozi, hata ikisemwa na mwenye joho.

Mtume Yohana atuonya tusiiamini kila roho, bali tuzijaribu. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walimsikia Mtume Paulo mwenyewe, na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Nao husifiwa kwa kufanya hivyo. Hawakuitwa waasi. Basi, ninyi Wakristo mnaotusikiliza, mchungaji wenu asipotaka mfungue Biblia na kumwuliza, jueni kuna kasoro. Tunasema hivi sisi tulio wachungaji. Tupimeni na sisi.

Tunayo Biblia katika lugha yetu. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza mapema kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosina alikufa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Alimzika mkewe ng'ambo ya Mombasa, kisha akaendelea na kazi. Wengine wakaja baada yake, wazungu na Waafrika, na Biblia ya Muungano ambayo wengi wetu huisoma ilitolewa mwaka 1952. Neno hili halikutufikia kwa bei rahisi. Tusiliache sandukuni limefungwa kwa kitambaa, huku tukikimbilia kila mwenye ndoto.

Jambo la nne na la mwisho, Mungu hujijulisha kwa wadogo, na kwa wadogo hao hujulikana na wengine.

Krapf alikuwa na ndoto kubwa. Alitaka mfululizo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii ya mashariki mpaka pwani ya magharibi ya Afrika. Yeye na Rebmann walifungua kituo cha Rabai mwaka 1846. Miaka ikapita, na watu waliogeuka walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Basi ni nani aliyekuwa wa kwanza? Hakuwa mfalme wala tajiri wala mwenye elimu. Alikuwa mlemavu maskini, jina lake Mringe, mtu ambaye watu hawakumhesabu. Alilisikia Neno, akaliamini, akabatizwa akiwa karibu na kufa. Baada yake akafuata Abe Gunja. Wakubwa wakubwa hawakuwa na nafasi ya kusikiliza. Mringe alikuwa na nafasi, naye Mungu akajijulisha kwake.

Bwana Yesu alimshukuru Baba, Mathayo sura ya 11, kwa kuwa mambo haya amewaficha wenye hekima na akili, akawafunulia watoto wachanga. Si kwamba Mungu huchukia elimu. Sisi wenyewe tulisomeshwa katika chuo cha theolojia na tunamshukuru Mungu kwa walimu wetu. Lakini elimu haipandi mbinguni kumshusha Mungu. Yeye hushuka mwenyewe, naye hushuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo Mringe amelala. Kama wewe unayetusikiliza hujui kusoma, au umelemaa, au umezeeka na wajukuu hawana haja nawe, usifikiri kwamba kumjua Mungu ni kazi ya maaskofu. Wewe ndiwe anayekutafuta.

Na ukiisha kumjua, wewe nawe utakuwa njia ya wengine kumjua. Hapa Mackinnon Road malori hupita usiku na mchana. Dereva aliyeharibikiwa na gari usiku hatasoma kitabu chetu cha mahubiri. Ataona kama mwenye kibanda amempa maji kwa bei ya haki, au amempandishia bei kwa sababu ni mgeni na ana kiu. Mfugaji Msomali aliyeleta ngamia wake kutafuta malisho hataingia kanisani mwetu. Ataona kama Mkristo anazungumza naye kwa amani penye lambo, au anamfukuza kwa mapanga. Bwana alisema kwamba anayempa mmoja wa wadogo kikombe cha maji baridi hatakosa thawabu yake. Katika nchi hii kikombe hicho si jambo dogo.

Basi, wapenzi wasikilizaji, tufanye nini wiki hii? Tuwape mambo matatu mepesi. La kwanza, chukua Injili ya Marko, soma sura moja kila siku pamoja na watu wa nyumbani, na baada ya kila sura mwulizane: tumeona nini hapa juu ya moyo wa Mungu? Asiyejua kusoma asomewe na mtoto. La pili, ukisikia mtu anasema, "Mungu amenifunulia," usimcheke wala usimfuate mbio. Fungua Biblia uulize: je, huyu ananena kama Yesu? La tatu, yuko mzee au mgonjwa jirani yako ambaye watu wamemkwepa. Mwendee. Kaa naye, mpelekee maji.

Mungu hakujificha ili atuchoshe kumtafuta. Amesema kwa mvua, amesema kwa manabii, na amesema kwa sauti iliyo wazi kabisa katika Mwanawe aliyeona kiu kwa ajili yetu. Anayetaka kumjua aje kwa Yesu, naye hatatupwa nje.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, tunakushukuru kwa kuwa hukutuacha tukikutafuta gizani. Wahurumie wote walio katika njaa na kiu, na utupe mvua kwa majira yake. Wafariji waliofiwa katika msitu wa Shakahola, na ulilinde Kanisa lako na walimu wa uongo. Walinde wazee wetu na mikono ya wauaji. Utupe sisi kumwona Mwanao katika Neno lako, na kumtumikia katika jirani zetu, siku za mvua na siku za kiangazi. Twaomba haya kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.